Mchezo Usio na Refa

Saliha alikuwa na masaa mawili kwenye foleni ya basi la Kanyosha, miguu ikimuwaka moto, pale Prodige alipojipenyeza mbele yake, eti anamsalimia rafiki yake Shakuru, fundi magari aliyekuwa mbele ya Saliha. Salamu zikarefuka.

"Natoka kucheza frizbi," alisema Prodige, akionyesha sahani ya plastiki. "Timu mbili, munarushiana hii. Na refa hakuna!"

Shakuru akacheka. "Sasa foti anaita nani?"

"Mwenyewe! Ukifanya foti, ukimchezea mwenzako vibaya, unainua mukono, unasema ni mimi. Leo mi niliinua, tukapigwa."

"We uliinua? Wallahi, hiyo sahani ilikupiga kichwa."

"Ndugu yangu, ni mchezo wa watu wa roho safi."

Saliha aliitazama hiyo roho safi mgongoni. Ilikuwa imesimama kwenye nafasi yake, na jasho lake lote.

Basi likafika. Shakuru akapanda, kikabaki kiti kimoja. Prodige akatia mguu mlangoni.

"Foti!" Saliha akapaza sauti, foleni nzima ikageuka. "We, inua mukono!"

Prodige akatazama kushoto, akatazama kulia, mkono wake umeshika mlango barabara.

"Mama," akauliza, basi likianza kuondoka, "kwani refa hapa ni nani?"