Hilaria Sikazwe, Mgeni Aliyepewa Jembe

Ndugu waombolezaji, tumekusanyika hapa Pito kumsindikiza binti ambaye maishani mwake hakupenda mwendo wa polepole. Kwa hiyo hata wasifu wake hatutauburuza.

Marehemu Hilaria Sikazwe alizaliwa hapa Pito tarehe 14 Agosti 1990, mtoto wa kwanza wa Mzee Baltazari Sikazwe na Mama Kristiana, ambaye ni mzaliwa wa Mbala, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Alibatizwa akiwa na wiki tatu, na inasemekana alimpiga padri teke.

Elimu ya msingi aliipata hapa hapa, mwaka 1998 hadi 2004. Lakini shule iliyomtengeneza ilikuwa pikipiki ya baba yake. Mzee alikuwa akiteremka nayo Ilemba kununua mpunga, na wakati wa likizo alimpakia bintiye. Alipofikisha miaka kumi na miwili akamwachia usukani kwenye mteremko wa kokoto. "Simama kwenye vikanyagio, usikaze magoti," alimwambia. "Barabara ikikurusha, kubali kurushwa, mwanangu, kisha urudi." Mama Kristiana alipopata habari, Mzee alilala na njaa.

Mwaka 2005 alipelekwa Mbala kwa mjomba wake Vicent kusoma sekondari. Huko klabu ya mbio za pikipiki ilimwona, ikampa pikipiki. Alipotimiza miaka kumi na minane ilimbidi achague uraia mmoja, maana sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na wa nchi mbili. Alichagua wa mama yake ili aweze kushindana kimataifa. Mzee hakugomba. Laiti angegomba! Krismasi ile Hilaria aliingia na mhuri wa mpaka wa Kasesya kwenye pasipoti, akapiga goti: "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mgeni. Karibu kiti."

Alichinjiwa kuku, akatandikiwa shuka mpya, akakatazwa hata kuosha vyombo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hilaria alikaa wiki nzima, wenzake wanalima, na jembe hakupewa. Aliondoka analia, na kila alipokuja miaka iliyofuata mambo yalikuwa yale yale.

Kuanzia 2010 hadi 2021 alishindana Harare, Nairobi na Kampala. Mwaka 2014 huko Kampala aliwashinda wanawake wote, wimbo wa taifa wa Zambia ukapigwa. Mtangazaji akamuuliza ni nchi gani iliyomfundisha kuendesha namna ile. Akajibu, "Barabara ya Ilemba. Mwalimu wangu ni baba." Mzee aliyasikia hayo redioni, akaizima, akaenda kukaa zizini mpaka jioni.

Tarehe 10 Oktoba 2015 alifunga ndoa na Malimi, fundi pikipiki, mtu wa maneno machache. Pengine ndiyo maana waliishi vizuri, kwani Hilaria alisema ya wote wawili. Mungu aliwajalia binti, Anjela.

Septemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Baada ya matibabu Lusaka aliomba aletwe Pito, akafika Februari mwaka huu, 2025. Siku ya tatu asubuhi Mzee aliingia chumbani na majembe mawili. "Hilaria, jua linapanda. Utalala kama mgeni mpaka lini?" Malimi alitaka kuzuia, Mama Kristiana akamshika mkono. Marehemu alipiga tuta moja tu la kufukia majani, kama tulimavyo Wafipa, akipumzika kila mara, akapanda maharage. Alirudi na tope mpaka usoni, anacheka: "Mama, leo nimeshinda."

Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 3 Juni, baba yake akiwa amemshika mkono. Maharage yake yalikuwa yamekomaa.

Ameacha mume, binti, wazazi wote wawili, wadogo zake Loth na Coleta, na mjomba Vicent.

Jana mtendaji wa kijiji alikuja kuandika kibali cha mazishi, akauliza kwa kusitasita, "Mzee, sasa hapa niandikeje? Mzambia?"

"Uraia andika ulivyo, sheria ni sheria," Mzee alimjibu. "Kwenye kazi andika mkulima. Mkulima wa Pito."

Hilaria, umefika kwenu. Mungu akupe pumziko la amani.