Mzee Maige Anaondoka, na Mama Abel Ndiyo Kwanza Amesimama

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Mzee Donatus Maige anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu hapa Kahama kwa miaka thelathini na mitatu, yote akiwafundisha watu kusimama na kutembea bila kuanguka. Kamati ya sherehe imeniagiza niandike wasifu wenye furaha, tena mfupi. Nimejaribu. Lakini kila nikikaa kuandika mawazo yanakwenda kwingine. Mimi Zipora, niliyekuwa msaidizi wake, ndiye ninayebaki na chumba cha mazoezi, na kuna mama mmoja kule Rwamgasa ambaye akianguka tena hatuna hakika kama atasimama maishani mwake. Kwa hiyo mnisamehe. Nitamsifu Mzee kwa moyo wote, ila nitamsifu huku naogopa.

Mzee Maige ni mzaliwa wa Ngokolo, Shinyanga mjini. Alipoletwa hapa mwaka 1992 alikuwa kijana mwembamba wa suruali pana, na idara nzima ya fiziotherapia ilikuwa kitanda, benchi na mpira uliopungua upepo. Wagonjwa wake wa mwanzo walikuwa wachimbaji waliofukuliwa kwenye kifusi na waendesha baiskeli waliogongwa na malori ya pamba. Wengi walimdhania mkandaji. Walilala kitandani wakafumba macho wakisubiri kukandwa, yeye akawaamuru wainuke. Inasimuliwa kwamba babu mmoja aliondoka amefura, akilalamika njia nzima kwamba amekuja kuuguzwa, kumbe ameletwa kulimishwa.

Miaka ya karibuni yakaanza kutujia magoti ya bandia. Mgonjwa anafanyiwa upasuaji Mwanza, goti lililoliwa na miaka linatolewa, linawekwa jipya la chuma na plastiki, halafu anarudishwa kwetu afanye mazoezi. Wagonjwa hufika wakiwa na furaha, na kweli maumivu yale ya zamani yamekwisha. Hapo ndipo Mzee alipoanza kuingiwa na hofu, akatuambukiza sote. Alituambia tena na tena hadi tukachoka kwamba goti ni jipya lakini mguu bado ni uleule uliokuwa ukichechemea kwa miaka, misuli imelegea, na mwili umesahau unyayo ulipo mpaka macho yatazame chini. Mtu wa namna hiyo huanguka akigeuka ghafla, akivuka kizingiti, akikanyaga upindo wa kanga yake mwenyewe. Na mfupa ukivunjika pale ulipokishika kile chuma, kuutengeneza ni kazi kubwa ambayo hata wapasuaji wenyewe huizungumzia kwa sauti ya chini.

Basi akatengeneza mazoezi yake. Alichora mstari wa chaki sakafuni, mgonjwa akautembea kisigino kikigusa vidole. Aliwasimamisha kwa mguu mmoja kando ya meza, akawainua kwenye kigoda bila kushika kitu, akawapeleka ubavuubavu kama kaa, akawageuza polepole, na mwisho akawafumbisha macho. Kiunoni aliwafunga kitenge kilichokunjwa, naye akasimama nyuma yao, mkono ukiwa karibu na fundo lakini haushiki. Alisema ukimshika mgonjwa muda wote, utakuwa umejifunza wewe kusimama, siyo yeye.

Vituko vyake mnavijua. Kandambili hazikuruhusiwa kuingia chumbani mwetu, ziwe za mgonjwa au za mganga mkuu. Alikwenda majumbani kwa wagonjwa kukunja mikeka na kufukuza kuku sebuleni. Siku ya harusi ya binti yake, Asteria, aliusimamisha msafara wa maharusi mlangoni mwa ukumbi kwa sababu zulia lilikuwa limejikunja ukingoni, na haukusonga mpaka zulia lilipobandikwa. Ukumbi mzima ulicheka. Alipotaniwa na mashemeji alijibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, akaenda kula wali wake. Sisi wa idara hatukucheka sana, maana tumeshaona watu wanavyoanguka.

Sasa niseme habari za Mama Abel. Jina lake ni Mbuke, mkulima wa Rwamgasa, mwanamke mcheshi aliyeingia kwetu mwezi wa pili na magongo na goti jipya, akafanya mazoezi kuliko vijana. Alipata hifadhi kwa dada yake, mtaa wa Nyasubi hapa Kahama, na kila asubuhi alifika kabla yetu. Aliupita mstari wa chaki huku anapiga soga. Mzee akampima kwa kila alichojua, akaridhika, akamruhusu arudi kwake na fimbo moja.

Hakumaliza juma. Kutoka nyumbani kwake kwenda kisimani kuna njia nyembamba inayopita kando ya duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, lililokufa zamani na kuachwa wazi, nyasi zimefunika mdomo wake. Asubuhi hiyo akakutana njiani na Mzee Masele, baba mkwe wake. Kwetu Usukumani mwanamke hamsalimii baba mkwe akiwa amesimama wima kama mlingoti. Anapiga magoti, na asipoyafikisha chini basi ayakunje. Mama Abel hakufikiri. Magoti yalijikunja yenyewe kama yalivyojikunja tangu alipoolewa, lile jipya likagoma katikati, na akaangukia upande wa shimo. Waliomwokota walisema kichwa chake kilikuwa kimeshapita ukingo.

Hakuvunjika, Mungu mkubwa. Picha ilionyesha goti liko mahali pake. Lakini mama tuliyeletewa hakuwa yule tuliyemuaga. Alikaa kitini ameshika mbao za kiti kwa mikono yote miwili, na tukimwambia asimame anatetemeka mpaka meno yanagongana. Mzee Maige naye sijawahi kumwona vile. Yeye ni Msukuma, amesalimiwa kwa magoti maisha yake yote, hapa hapa chumbani wagonjwa wamemkunjia magoti asubuhi baada ya asubuhi, na hakuwahi kuihesabu salamu kuwa ni mwendo wa kufundishwa. Alirudia jambo hilo siku nzima kwa hasira, tena mbele ya wagonjwa, na chai yake haikunyweka.

Halafu ikaonekana kuna hofu nyingine inayomla Mama Abel, kubwa kuliko ya goti. Alituambia, akilia, kwamba tangu aanguke mbele ya Mzee Masele, mzee yule amemsusa. Kwa zile siku alizolala nyumbani kabla ya kuletwa kwetu, akimwona tu mlangoni mzee hugeuza njia akapitia nyuma ya zizi. Salamu hataki. Kwa mwanamke aliyeishi miaka yote hiyo katika mji wa mkwewe kwa heshima, hilo ni kufukuzwa bila kuambiwa. Alisema hata akipona, atarudi kwa nani? Mimi nikajifanya natafuta kitenge.

Mzee Maige akapanda gari kwenda Rwamgasa. Alitaka kuiona njia kwa macho yake, na alitaka kumwona mkwe. Njia aliiona, akasimama pale ukingoni akachungulia, na aliporudi alituambia kwamba alitupa jiwe na hakulisikia likifika. Kisha akamkuta Mzee Masele zizini. Walikaa kwenye magogo, wakazunguka kwanza kwenye habari za mvua na ng'ombe kama ilivyo adabu, kisha mgeni akauliza. Jamani! Yule mzee wa watu hakuwa amesusa kitu. Alikuwa anamkimbia mkamwana wake kwa sababu kila akifumba macho anamwona anainama kwake na kutoweka kwenye nyasi. Aliamini salamu yake ndiyo iliyomwangusha, na kwamba wakikutana tena ataanguka tena. Kwa hiyo akaona heri apitie mavi ya ng'ombe kuliko kusalimiwa.

Mzee Maige alimwomba aje Kahama. Daktari anaweza kumkataza mgonjwa asipige magoti, lakini katazo hilo halina nguvu njiani Rwamgasa. Anayeweza kumsamehe magoti ni yule anayesalimiwa. Mzee Masele akaja na koti lake la sherehe, na alipotokea mlangoni tu, Mama Abel, aliyekuwa amesimama kwa shida kati ya fito mbili za chuma za kujishikilia, magoti yakaanza kushuka. Mzee Maige akakamata kitenge. Mzee Masele akapiga yowe kwamba mwanangu usinisalimie, usinisalimie! Watu wa maabara walikuja mbio wakidhani kuna msiba.

Wakaongea wenyewe kwa Kisukuma, polepole, na tulitoka nje tukawaachia chumba. Tuliporudi wote wawili walikuwa na macho mekundu. Na wazo lilikuwa la Mzee Masele mwenyewe, kwamba atakapokutana naye atasimama yeye kwanza, atainyoosha fimbo yake mbele, mkamwana ataishika kwa mkono mmoja, na kwa mkono huo huo ulioshika atakuwa amempa heshima yake yote. Atainamisha kichwa tu. Atakayeona ni utovu wa adabu aje aseme naye.

Hapo Mzee Maige akapata zoezi jipya, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikamwona anatabasamu. Salamu za kweli hazina miadi, wazee hutokea tu. Akaanza kuwaazima wazee waliokuwa kwenye benchi la kliniki wakisubiri dawa, akiwatokeza mlangoni bila kutangaza. Mama Abel akaona mvi, magoti yanaanza kushuka. Simama. Panua nyayo. Simika fimbo. Mtazame usoni. Sasa salimia. Wazee walifurahia kazi hiyo mno, kuna aliyekuja siku ambayo hata hakuwa na kliniki. Lakini si mchezo. Goti hujikunja kabla akili haijapata habari, na kila mlango ulipofunguka mimi nilitazama magoti tu.

Alhamisi iliyopita Mzee Masele alikuja kumchukua. Mzee Maige hakusimama nyuma ya Mama Abel siku hiyo. Alinisogeza mimi pale, akaniambia nisivute nikiona magoti yanashuka, maana nikivuta atajifunza kwamba kuna Zipora wa kumzuia, na kule kwenye duara hakuna Zipora. Nivute akiwa anaanguka tu. Nikamuuliza nitajuaje kwamba sasa anaanguka. Akasema nitajua. Wee! Hilo nalo ni jibu la kumpa mtu?

Mama Abel alihisi mkono umebadilika nyuma yake, akageuza shingo kunitazama, kisha akatazama tena mlangoni. Mlango ukafunguka. Mzee Masele akatokea na fimbo yake. Magoti yakaanza. Niliyaona yanashuka, lile jipya likatikisika, kitenge kilikuwa mbele ya vidole vyangu na sikukigusa, nikamwita Mungu kwa majina yote ninayoyajua. Kisha yakasimama. Yeye mwenyewe aliyasimamisha. Yakarudi juu, taratibu, akaishika ile fimbo, akainamisha kichwa, akatoa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka, baba." Mzee Masele akaitikia. Nilipogeuka kumtafuta Mzee Maige nilimkuta dirishani ametupa mgongo. Alikuwa ameshindwa kutazama.

Wameshaondoka. Wajukuu wamelizungushia duara lile matawi ya miiba, lakini miiba huliwa na mchwa na maduara mengine yako tele. Hatujapona hofu, wala Mzee hajatudanganya kwamba tutapona.

Jana asubuhi simu ya Mzee Maige ililia juu ya meza, namba ya Mzee Masele. Mzee aliitazama ikilia mpaka mgonjwa aliyekuwa kwenye mstari wa chaki akamsihi apokee. Mzee Masele huongea kwenye simu kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde, kwa hiyo sote tulisikia. Amekutana na mkamwana wake njiani. Amesalimiwa. Ameitikia. Mama amepita, ameenda zake na ndoo yake. Basi, ni hayo tu, na atapiga kila asubuhi wakishasalimiana, ili watu wa hospitali wasikae roho juu. Mzee Maige akamshukuru, akamweleza kwamba kuanzia Jumatatu yeye hatakuwepo, akampa namba yangu.

Mzee wetu, kwa niaba ya idara, ya wazee wa benchi la kliniki na ya kila anayetembea leo kwa miguu yake katika mji huu, ahsante sana. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na maisha matulivu kule Ngokolo, wewe na mama yetu. Jumatatu nitakuwa nimekaa karibu na simu tangu alfajiri. Ikishalia, nami nikishasikia amesalimia na amepita, nitakupigia hapo hapo, maana najua na wewe utakuwa umekaa unasubiri.