Metali Bila Gita

Mbele ya kibanda cha kutengeneza redio kuna benchi lenye miguu mitatu na tofali moja, na kila alasiri tofali hilo hubeba mzigo mkubwa kuliko ofisi nyingi. Siku hiyo Fundi Waya, mwenye kibanda, alikuwa na msiba. Wenzake walikuwa na kahawa tu. Waya alikuwa ameunda kisanduku cha vitufe kinachopiga metali, ule muziki mzito wa kunguruma, kwa sauti za umeme mtupu. Gita hakuna, ngoma hakuna. Asubuhi ofisa wa ukumbi wa muziki alimkatalia kupiga humo Jumamosi: kanuni inataka kundi la metali liwe na gita linaloonekana.

— Kuonekana tu? aliuliza Breki, dereva mstaafu wa lori. Si lazima lilie?

— Kanuni haina masikio, alisema Waya.

— Basi azima moja ulivae. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Nivae gita kama tai? Sivai!

Profesa, aliyepata cheo hicho kwa kusoma magazeti ya kufungia misumari, alikohoa kitaalamu.

— Kisayansi ofisa yuko sahihi. Metali ni chuma, nyuzi za gita ni chuma. Ukiziondoa unabaki na plastiki!

— Na umeme unapita wapi, Profesa? aliuliza Waya. Kwenye katani?

— Hata hivyo, haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo inaingiaje hapa? aliuliza Breki.

— Itaingia tu, ipe muda.

— Mie nanusa njama, alisema Shangazi Buli, muuza kahawa. Ofisa hakosi shemeji anayekodisha magita.

— Shemeji? alidakia Breki. Ni kubwa kuliko hapo, Shangazi! Wenye viwanda vya gita wakijua kuna metali bila gita, watazima umeme wa dunia nzima, waanzie kona hii!

— Ndiyo maana jana taa zilizimika! alisema Profesa.

— Jana ulikanyaga waya wangu, alisema Waya.

Hakucheka. Kila ngurumo aliipika mwenyewe, kutoka mlio mwembamba kama wa mbu, akauvimbisha, akauchanachana, mpaka ukakwaruza. Akitundika gita la watu shingoni, atakuwa amekiri kwamba muda wote alikuwa akiliiga.

Hapo akafika mama mmoja, mgeni pale, pasi mbovu mkononi. Akawasikiliza wakibishana, kisha akauliza:

— Samahanini, jamani. Huo muziki, nani kati yenu ameusikia?

Breki akamtazama Profesa. Profesa akatazama kikombe. Shangazi akachungulia buli kama vile jibu limezama humo.

— Na huyo ofisa je?

— Aliangalia, alisema Waya. Hakusikiliza.

Kisha akasimama, akakitoa kisanduku, akakichomeka kwenye spika kubwa kuliko mlango.

— Ukumbi wabaki nao. Jumamosi napiga hapa hapa, shingo wazi. Na majaribio ni sasa!

Ngurumo ikatoka kama mabati yanayogombana. Vikombe vikatembea kwenye sinia, tofali likahama, na kichwa cha Breki kikaanza kutikisika bila kumwomba ruhusa. Profesa alipiga kelele methali nzima, pengine ya kwanza maishani mwake iliyofaa, ila hakuna aliyeisikia. Mama akainua pasi yake, midomo ikionyesha wazi: “Na hii je?”

Waya akaongeza sauti.