Kifuo cha Kimo Changu

Ta!

Nazi ikipasuka ndani ya kumbi huioni, unaisikia. Ndugu zangu, mlio huo ndio ulioniangusha. Nausimulia leo mbele yenu, na jina la mtu silitaji.

Kifuo mnakijua, ule mti wenye ncha tunaouchimbia chini tufulie nazi. Nyumbani kila mtu huchimbia chake kulingana na kimo chake. Tulipoanza kazi katika banda la kijiji, mkubwa wetu aliamuru vifuo vyote vilingane, akavipimia kiuno chake mwenyewe. "Hapa sote sawa!" akasema. Tukapiga makofi. Hata mimi, mfupi hivi mnavyoniona, nilipiga makofi.

Kiuno chake ni kifua changu. Sikuweza kuilalia nazi kwa uzito wa mwili, nikawa naipiga kwa nguvu ya bega. Ta! Nazi zilizopasuka zikaozea kwenye magunia, na wanunuzi wa Kilindoni wakayakataa.

Nikamwendea mkubwa. "Shikamoo, ndugu. Bega linaniuma. Kifuo kimenizidi."

"Marahaba. Kifuo kimekuzidi, au kazi imekuzidi?"

Watu wakacheka. Magunia yalipokataliwa tena, alinitoa bandani mbele ya wote. "Huyu ni kupe!" Kupe, mimi! Na bega lilikuwa limekwisha kufa. Nawaambia, hata kwenye takbiri niliinua mkono mmoja tu.

Kisha mvua kubwa ikanyesha. Wifi yangu akaja mbio, matope hadi magotini.

"Wifi, twende bandani ukasikie!"

"Nikasikie nini?"

"Ndiyo hivyo, hakuna cha kusikia!"

Nikasimama nje ya makuti. Makumbi yalichanika, vicheko vilisikika, lakini ule mlio haukuwapo. Ardhi ilikuwa imelainika na vifuo vimezama, kila kimoja kwa kina chake, na kila mwanamke amejichagulia kinachomfaa.

Mkubwa akafika. "Safu imeharibika! Mgeni akija ataona nini? Vinyanyueni!"

Wifi akaketi juu ya rundo la makumbi. "Nyanyua mwenyewe, kisha ufue mwenyewe."

Mmoja akaketi, wa pili akaketi, hata banda zima likawa limeketi. Vifuo vikabaki vilivyo, na safari ile Kilindoni walipokea magunia yote.

Ahsante, wifi. Ahsanteni nyote mlionirudisha, mkanipa kazi ya kugonga nazi na kuzisikiliza kama zimepasuka, kazi ya mkono mmoja. Ninalowaachia ni hili: nazi ikipasuka, kabla hamjamkemea mfuaji, tazameni amesimamaje.

Lakini msidhani nimepoa. Mkono haukurudi. Na lile neno kupe nilitupiwa mbele ya watu, halijaondolewa mbele ya watu. Aliyelisema yumo humu. Sitaki kingine kwako, ndugu, ila uliondoe. Simama tu, useme.

Naam, amesimama.

Wifi, vuta miguu. Mwache apite.

Mmeusikia mlango?