Genge Lipi? Maisha ya Mama Yuliana, Mpishi wa Stesheni

Baba Padre, wazee wangu wa ukoo wa Mwenda shikamooni, majirani wa Mafiga na wa barabara ya stesheni, na wewe Bwana Akida Salehe uliyefika na watu wako, nawaombeni masikio yenu kwa muda. Mimi ni Severini, mtoto wa kwanza wa marehemu, na aliyenituma nisome ni mjomba wangu Yakobo, kaka wa marehemu na mkubwa wa ukoo, kwa kuwa kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama na neno la msiba hutoka kwa mjomba. Ameniagiza nisome kwa upole. Nimemwitikia, lakini mjomba, pale upole utakaponishinda unisamehe mbele ya watu hawa.

Mama yetu Yuliana alizaliwa Towero, mlimani, mwaka ambao mapadre wanaukadiria kuwa 1870, alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa bibi yetu, akakulia kwenye mashamba ya matuta, akichuma mlenda na mnavu na kuchimba magimbi kabla hajaweza kubeba mtungi. Alibatizwa katika misheni ya Morogoro tarehe 15 Agosti 1884, siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Elimu yake aliipata hapo hapo misheni, yaani alifundishwa sala, kushona na kupika, kwa sababu wavulana walipewa vibao vya kuandikia na wasichana wakapewa masufuria, na kusoma alijifunza baadaye mwenyewe, kwa kunisikiliza mimi nikisoma huku yeye akimenya ndizi. Basi, kupika alikofundishwa ndiko kulikotulea sote.

Tarehe 10 Februari 1890 alifunga ndoa takatifu na marehemu baba yetu Gabrieli, mkulima wa viazi na mbaazi wa Towero, wakajaliwa watoto watatu, mimi niliyezaliwa Novemba 1891, dada yangu Agnes aliyezaliwa Mei 1895, na Paskali, ambaye njaa kubwa ya mwaka 1899 ilimchukua akiwa bado anajifunza kutembea. Nalisema hili kwa sababu wapo walioshangaa miaka yote kwa nini Mama Yuliana hamwachi mtu apite mlangoni pake na tumbo tupu. Aliyezika mtoto kwa njaa hamwulizi mtu kama ana njaa, anapakua. Mwaka 1905, mwezi wa Septemba, baba alichukuliwa kwa nguvu kwenda kubebea serikali mizigo ya vita huko kusini, hakurudi, na mpaka leo hakuna mtu wa Boma aliyekuja kutuambia tumlilie au tumngoje.

Reli ilipofika hapa mjini mwishoni mwa mwaka 1907, mama alishuka mlimani na sisi wawili, akajenga kibanda Mafiga, na mwezi wa Januari 1908 akaweka mafiga yake kando ya barabara ya stesheni, chini ya paa la makuti, akaanza kupika. Hakuwa peke yake. Upande wa kulia alikuwepo Bwana Mansukh, Mhindi wa duka la kanga na chumvi, akikaanga bhajia barazani kwake na kupika chapati na dengu, na upande wa kushoto Mzee Mwinjuma, mtu wa pwani, akipika wali wa nazi, na siku ya soko akichinja mbuzi. Mama alipika ugali, kunde, kisamvu, ndizi na maharage, na togwa la kushushia, na siku ya Ijumaa nyama haikugusa chungu chake.

Ninyi mliokula pale mnajua mambo yalivyokwenda, ila wageni nawaeleza. Watu wale watatu walitandika mkeka mmoja mrefu, na mteja alikaa popote, akachukua ugali kwa mama, dengu kwa Mansukh, kipande cha nyama kwa Mwinjuma, na wapagazi maskini walikula shirika, huyu ananunua hiki na yule kile, wanaweka katikati, wanashiba wote. Mwiko wa kila mtu uliheshimiwa. Upawa wa mama haukuingia kwenye chungu cha Mansukh hata siku moja, kwa sababu dini yake haimruhusu nyama, na kuku wa mama alichinjwa na Mwinjuma ili Mwislamu naye ale bila wasiwasi. Mwanamke aliyeshuka Uluguru na kapu la mboga kichwani alikula pale kwa fungu moja la mchicha wake, na karani wa stesheni mwenye kofia alikaa ubavuni mwake, akisogezewa pilipili na mtu ambaye mahali pengine asingemwamkia. Kuna jambo gani lingine katika mji huu lililowahi kutukalisha hivyo? Mimi sijaliona.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana kila kitu kilichotufikisha kwenye jeneza hili kilitoka kwenye neno moja. Mafundi na vibarua wa reli, kundi lao la kazi waliliita genge. Na kwa kuwa genge lilikula kwa mama, watu wakaanza kusema twende kule kwa genge, kisha twende gengeni, mpaka mahali penyewe pa kula pakaitwa genge, genge la Mama Severini, genge la Mwinjuma. Neno likawa moja na maana mbili, na kila mtoto wa mjini alizijua zote.

Mwezi wa Novemba 1910 palikuwa na vibarua waliomaliza kazi zao, wakapiga kambi nyuma ya stesheni, wakanywa na kupigana kila siku, hata tulio jirani tulichoka nao. Bwana Mkubwa wa Boma alimwita Bwana Akida, akamwambia kwa Kiswahili chake cha Kijerumani kwamba genge la stesheni analitaka liondoke. Askari wa zamu mlangoni aliyasikia maneno hayo, na alisikia pia Bwana Mkubwa akilalamika juu ya walevi na ngumi. Walevi na ngumi, jamani! Kunde zinalewa? Chapati inapiga watu ngumi?

Ijumaa tarehe 11 mbiu ikapigwa sokoni kwamba magenge ya stesheni yamepigwa marufuku na mtu asiwashe moto wa kupikia pale, na Jumamosi tarehe 12, watu wakiwa wamekaa mkekani wanakula, Bwana Akida akaja na askari. Vyungu vilipinduliwa chakula kikiwa ndani. Mafuta ya Mansukh yalimwagwa mchangani, makuti yalitiwa moto, na mafiga matatu ya mama, mawe aliyoyashusha Towero kwa kichwa chake, yalibebwa yakatupwa mtoni. Mzee Mwinjuma, mtu mzima mwenye mvi, alisimama akauliza kwa adabu, “Bwana Akida, genge lipi?” Kwa swali hilo alilazwa chini akachapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Na wale walevi waliokusudiwa walikuwepo, walisimama kando wakitazama, mmoja wao mkononi ana bhajia ya Mansukh.

Mjomba, najua, upole. Lakini hata jiwe lingesema.

Kukosea neno si dhambi, kila mtu hukosea, hata mimi leo naweza kulisoma neno vibaya. Kilichotuua ni kilichofuata. Mwezi haujaisha, wale vibarua waliondoka wenyewe wakafuata reli kuelekea Dodoma, kwa nini, kwa sababu hapakuwa na pa kula tena. Boma ikaona stesheni kimya, ikamsifu Bwana Akida kwa kazi nzuri, na tangu hapo, mtu atakirije kosa alilosifiwa? Mama, Mansukh na Mwinjuma, ambaye alikuwa bado anatembea kwa kuinama, walikwenda Boma kueleza, wakarudishwa mlangoni, wakaambiwa malalamiko yote yapitie kwa Akida. Wakaenda kwa Akida, wakaambiwa amri ni ya Boma. Ikawa hivyo mpaka Krismasi, huku watu wanashuka kwenye gari la moshi wanatafuna muhogo mbichi, na akina mama wa mlimani wanalala njaa sokoni wakiwa wameegemea makapu ya chakula. Wahenga walisema adui mwombee njaa. Sisi tulikuwa adui wa nani?

Marehemu hakuwa mtu wa kukaa akalia. Marufuku ilikuwa ya moto stesheni, basi alipika Mafiga, akajitwisha chungu, akaenda nacho kwa miguu mpaka kule, akapakua akiwa amesimama, kisha akarudi kuchukua kingine. Nilimwambia aache, Agnes alimwambia aache, Mansukh alimwambia, “Mama Severini, pumzika, duka langu litakulisha,” na yeye akamjibu kwamba hakuja mjini kulishwa. Masika yalipoanza mwezi wa Machi, njia ikawa tope, mvua ilimkuta kati ya Mafiga na stesheni karibu kila siku, na joto la chungu cha ugali kichwani na maji ya mvua mgongoni havikupatana na kifua chake. Tarehe 6 Aprili 1911 alishikwa na kichomi. Bruda wa misheni alileta dawa, shangazi wakaleta majani ya kwetu, homa ikapanda ikashuka, na Ijumaa Kuu alianza kuzungumza na Paskali, mdogo wetu, kana kwamba amekaa karibu yake.

Jumapili ya Pasaka jioni Bwana Akida alikuja kumjulia hali. Nalisema hili huku ananitazama, na anajua kwamba sidanganyi, kwa kuwa mimi na Agnes tulikuwa kando ya kitanda. Aliingia bila askari, ameshika sukari, akavua viatu, akaketi chini, na sikatai kwamba uso wake ulikuwa wa mtu mwenye huzuni. Akamwinamia mama akasema, “Mama Severini, lile neno nililielewa vibaya. Nilijua siku ile ile.” Mama akamwambia, “Kaseme sokoni.” Hakumtukana, hakumlaani, sukari yake aliipokea. Bwana Akida aliondoka, Jumatatu soko likajaa, Jumanne likajaa, mbiu haikupigwa. Jumatano tarehe 19 Aprili 1911, kabla ya kengele ya adhuhuri, mama yetu alikata roho mikononi mwa Agnes, akiwa na umri wa miaka kama arobaini na mmoja, ameacha watoto wawili, kaka mmoja, na mji mzima wenye njaa.

Kwa niaba ya ukoo natoa shukrani. Tunamshukuru Bruda wa misheni kwa dawa na kwa kukesha, Baba Padre kwa mafuta matakatifu, na majirani wa Mafiga waliotuchotea maji na kutupasulia kuni tukiwa hatujiwezi. Tunawashukuru wenzake wa kazi, Bwana Mansukh aliyetoa sanda ya bafta safi na kufunga duka siku ya soko, jambo ambalo hatujapata kuliona, na Mzee Mwinjuma ambaye amechimba kaburi hili tangu asubuhi kwa mgongo ule ule mliosikia habari zake, tulimkataza akatuambia tumwondokee. Bwana Akida, nawe tunakushukuru kwa sukari.

Mwisho ni tangazo la chakula. Mkitoka hapa makaburini msielekee Mafiga, nyumba ni ndogo, njooni barabara ya stesheni, maana dada yangu Agnes na wake wa Mwinjuma wamewasha moto pale tangu alfajiri, na Bwana Mansukh amerudisha karai lake barazani. Ni moto wa msiba. Mpita njia haulizwi jina, mshuka garini haulizwi dini, atakula, kama wanavyokula watu msibani. Na tangu mababu zetu, Mluguru na mtu wa pwani na Mhindi, hapana aliyepata kuuzima moto wa msiba wa watu kabla matanga hayajaanuliwa, na kama yupo anayetaka kuwa wa kwanza, njia anaijua. Matanga haya mwenye kuyaanua ni mjomba Yakobo peke yake, na mjomba ameniruhusu niwaambie kwamba hayaanui kesho, hayaanui baada ya arobaini, hayaanui mwaka huu wala ujao, mpaka siku Bwana Akida Salehe atakaposimama sokoni, mbiu ikapigwa, na akatuambia kwa mdomo wake ni genge lipi.

Bwana Akida, umealikwa kula. Mkeka ni ule ule mmoja, kaa popote.

Nawe mama yetu Yuliana, lala sasa, umesimama vya kutosha. Moto tunaupuliza sisi.