Kisahani cha Bao la Kwanza la Ilari

Marehemu Ilari Juhani Ruuska alizaliwa tarehe 9 Januari 1998 mjini Nurmes, mtoto wa pekee wa Harri na dada yangu mdogo, Tuula. Siku hiyo ziwa la Pielinen lilikuwa limeganda vizuri. Watu husema Ilari alijua kuteleza kabla ya kutembea. Si kweli. Alianza akiwa na miaka mitatu, akisukuma kiti cha jikoni barafuni, na kiti hicho mguu wake mmoja ni mfupi hadi leo.

Alisoma Nurmes hadi 2014, kisha akaenda Kokkola kujifunza useremala huku akichezea vijana wa timu ya Hirvet. Mwalimu wake alisema angetengeneza milango mizuri sana kama angeonekana darasani. Mwaka 2017, akiwa na miaka kumi na tisa, alitia saini na timu hiyo mkataba wake wa kwanza wa kucheza hoki ya barafuni ligi kuu. Mtunza vifaa wa timu hiyo nilikuwa mimi. Ndimi niliyenoa vyuma vya viatu vyao vya kutelezea.

Hapa mnivumilie kidogo. Mimi Veijo nilicheza misimu kumi na miwili daraja la pili, nikihama mji baada ya mji. Ligi kuu niliitwa mara moja tu, nikakaa benchi dakika sitini za mechi nzima, barafu sikuikanyaga. Ilari alifunga katika mechi yake ya tatu, tarehe 14 Oktoba 2017.

Hoki yetu huchezwa kwa kisahani cha mpira mgumu, na kile cha bao la kwanza la mchezaji huokotwa golini. Mtunza vifaa hukizungushia utepe mweupe, akaandika tarehe na jina, na mchezaji humpelekea mama yake. Nahodha alinitupia.

"Mzee Veijo, cha mpwa wako hicho. Usije ukakichanganya na vya mazoezi."

Nikazungusha utepe, nikaandika tarehe. Nilipofika kwenye jina, mkono uligoma. Nikakitia mfukoni mwa koti, nikamwambia Ilari kimepotelea kwenye ndoo ya vile vya mazoezi.

"Basi, Mjomba," akasema. "Nitafunga kingine."

Alifunga mabao arobaini na moja kwa misimu minne. Kila bao nilishangilia, na kila bao lilinichoma. Tuula alikuwa ameshatenga nafasi kwenye rafu, kando ya saa. Hajaweka kitu pale mpaka leo. Hupangusa vumbi tu.

Mwaka 2020 Ilari alimvisha pete Sanni Hiltunen. Walipanga ndoa ya kiangazi, lakini Novemba 2021 madaktari walimkuta na saratani ya damu. Ndoa ikafungwa wodini, Kuopio, bwana harusi akiwa amevaa soksi za timu.

Agosti 2022 aliruhusiwa kuja nyumbani. Tukaingia sauna, chumba cha mvuke wa mawe ya moto, mimi na yeye.

"Mjomba, mbona sauna leo inanuka mpira?"

Nikatoa kisahani chini ya taulo. Akacheka mpaka akakohoa.

"Nilijua zamani. Koti lako limeinama upande mmoja miaka mitano."

"Sasa mbona hukudai?"

"We mzee ulikaa benchi dakika sitini. Nikasema, acha akae nacho, kitamchosha." Akamwagia mawe maji. "Na mimi nakuonea wivu, ujue. Una miaka sabini na moja."

Jibu lake nimelitafuta tangu siku hiyo.

"Kampe mama," akasema. "Kwa mkono wako. Usinitume mimi."

Nilijiambia nitampa Tuula, Ilari akipona. Alifariki tarehe 3 Februari 2023, saa tatu asubuhi, hospitalini Kuopio, Sanni akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka ishirini na mitano.

Ameacha mke wake Sanni, wazazi wake Harri na Tuula, bibi yake Aune mwenye miaka tisini na miwili, na mjomba mmoja.

Jina nimeliandika jana, na mkono haukugoma. Tuula, dada yangu, hiki hapa. Hakikupotea, nilikuwa nacho mimi. Mahali pake unapajua.

Pumzika kwa amani, mpwa wangu. Barafu tutaifagia sisi.