Jeptoo Aliyemtoa Penny Uwanjani

Tunamsindikiza leo Bilha Jeptoo Simiyu, aliyezaliwa tarehe 14 Aprili 1972 huko Mosoriot, Nandi, mtoto wa tatu wa Mzee Kimutai. Babake alimfundisha kunusa pumzi ya ng'ombe kabla ya kutaja ugonjwa. Akiwa na miaka tisa alimwambia mnunuzi aliyefika kwao kwamba ndama anayeuziwa anaharisha. Mzee alikosa soko siku hiyo, lakini hakumgombeza.

Alisoma Mosoriot, kisha sekondari Kapsabet, na mwaka 1994 akapata cheti cha afya ya mifugo, Kabete. Kazi ilimpeleka Kitale, akakutana na mwalimu Wekesa Simiyu. Walifunga ndoa kanisani tarehe 18 Desemba 1999, wakajaliwa Audrey na Ethan.

Mwaka 2008 familia ilihamia Temple Hills, Maryland, naye akawa anahudumia wazee majumbani. Mmoja wao, Bi Abigail, alikuwa na farasi jike aitwaye Penny, aliyetunzwa karibu na Upper Marlboro. Mpwa wa Bi Abigail, Ryan, alikuwa akimfunza Penny mbio za mapipa: farasi huzunguka mapipa matatu kwa kasi, na mshindi ni atumiaye muda mfupi zaidi. Bi Abigail, asiyeweza tena kutembea, alimtuma Jeptoo akamtazamie mnyama wake.

Alichokiona Machi 2021 kilimtia kinyaa hadi akatema mate. Mbavu za Penny zilikuwa na vidonda vya miiba ya chuma ifungwayo kwenye buti za mpandaji, usaha umegandamana na manyoya, nzi wamejaa. Chuma cha hatamu kilikuwa kimemkata ulimi. Ryan alimwambia kwamba farasi wa mbio habembelezwi. Mwezi Mei goti la Penny lilivimba, Ryan akamdunga dawa ya kuzima maumivu ili akimbie, na Jeptoo ndiye aliyeshika hatamu. Alinyamaza. Aliagiza jambo hili lisomwe mbele yenu, bila kumpamba. Jioni ile aliosha mikono hadi sabuni ikaisha, akamwambia mumewe, "Baba Audrey, leo nimejichukia."

Akamwomba Bi Abigail amwachie kazi ya kumfunza Penny, Ryan abaki na kazi za zizini tu. Goti lilipopoa, walitembea tu kuzunguka mapipa, msimu mzima, bila mjeledi. Baadaye mwendo ukaongezwa kidogo kidogo, Audrey akiwa mgongoni, akijifunza kugeuza farasi kwa paja kabla ya kuvuta hatamu.

Septemba 2022 wakafika fainali. Asubuhi hiyo goti likavimba tena, na Ryan akaja na sindano.

"Ni sekunde kumi na saba tu," alisema.

"Mguu ni wake na maumivu ni yake," Jeptoo akamjibu. "Ondoa hiyo kitu."

Audrey, aliyekwisha kuvaa na kupanda, alimsihi mamake huku akilia. Jeptoo alimwambia ashuke, akamwongoza Penny kutoka uwanjani mbele ya watu waliokuwa wakicheka. Binti hakumsemesha wiki nzima. Kisha daktari wa mifugo akakuta ufa kwenye mfupa. Mbio moja zaidi ingeuvunja. Bi Abigail alimfukuza Ryan. Naye Audrey, ambaye siku zote humjibu mamake kwa Kiingereza, alimfuata zizini akamwambia kwa Kiswahili, "Mama, ulifanya poa."

Penny alipona. Oktoba 2023 alikimbia tena na kuangusha pipa la tatu, kosa la kuongezewa sekunde tano, na Jeptoo akapiga vigelegele peke yake.

Januari 2025 Jeptoo aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Aliugua nyumbani, akilalamika zaidi kuhusu supu ya kopo kuliko maumivu, na akaaga dunia tarehe 9 Novemba 2025, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, Mwalimu Simiyu. Watoto, Audrey na Ethan. Dada zake wawili huko Mosoriot. Na rafiki yake Bi Abigail, aliyeletwa leo kwa kiti cha magurudumu. Ryan alituma shada la maua. Familia imelirudisha.

Mwenyezi Mungu amlaze Jeptoo pasipo na maumivu.